Huzuni Isiyoondoka: Kuyaelewa Maradhi ya Hisia na Matibabu Yake



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeuumba moyo wa mwanadamu akaujaalia kufurahi na kuhuzunika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinijia barazani pamoja na mkewe na binti yao. Binti alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, na arobaini yake ilikuwa imekwisha majuma mawili nyuma. Alikaa akaukabili ukuta. Mtoto alilia mikononi mwa nyanya yake, na mama mtu hakugeuka. "Sheikh," mzee aliniambia, "mwanangu huyu hali, halali, na mtoto hataki kumtazama. Watu wanasema ni jicho. Tafadhali msomee."

Nikamsomea. Nikamwandikia kombe anywe siku saba. Kisha, kwa nia njema, nikamwambia: "Binti yangu, mtoto ni neema. Wako wanaomlilia Mola miaka na miaka wasipate. Mshukuru Mola wako, na hali hii itaondoka."

Haikuondoka. Waliporudi juma la pili nilimsomea tena, nikawaambia wavute subira. Usiku mmoja wa juma la tatu mama yake aliamka, akamkuta amepiga magoti kando ya mtoto aliyelala, akimuaga na kumwomba radhi kama msafiri asiyetaraji kurudi. Hawakungoja kuche, walimkimbiza hospitali. Daktari aliyewapokea aliwauliza ni nani aliyewaambia wangoje muda wote huo. Mzee, kwa heshima aliyonayo kwangu, hakunitaja. Alinihadithia mwenyewe baadaye, na haya niliyoiona siku ile sijaisahau.

Makala haya nayaandika kwa sababu ya swali la daktari yule. Wengi wetu, masheikh na wazazi, waume na wake, tumewahi kumwambia mgonjwa angoje pasipostahili kungoja.

Huzuni ya kawaida na huzuni ya maradhi

Kwanza tujue kwamba kuhuzunika hakumtoi mtu katika imani. Qur'ani inatusimulia habari ya Nabii Yaaqub (A.S.), aliyelia kwa kumkosa Yusuf hata macho yake yakaingia weupe, naye ni Nabii. Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, mwaka ule ulikuja kuitwa Mwaka wa Huzuni. Alipofariki mwanawe Ibrahim, machozi yalimtoka mbele ya masahaba. Na Bibi Maryam, uchungu wa uzazi ulipomshika akiwa peke yake chini ya mtende, alitamani lau angekufa kabla ya siku ile. Tuzingatie alivyojibiwa. Hakukemewa kwa upungufu wa shukrani. Alipewa maji, akapewa tende, na akaambiwa maneno ya kumtuliza. Mimi niliyazingatia haya nikiwa nimechelewa.

Huzuni ya kawaida mara nyingi ina sababu inayojulikana. Huja kama mawimbi, na baina ya wimbi na wimbi mtu huweza kutabasamu, kula, na kuzungumza na wageni. Kadiri siku zinavyopita, nayo hupungua. Huzuni ya maradhi, ambayo wataalamu wetu wa lugha wameipa jina la sonona, hukaa haiondoki. Madaktari hutazama iwapo hali imedumu majuma 2 au zaidi, karibu kila siku, kwa sehemu kubwa ya siku. Huuliza pia juu ya dalili nyingine: kutofurahia tena mambo aliyoyapenda, usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usio na kazi, akili kushindwa kutulia, kujiona hana thamani au kujilaumu kupita kiasi, na kuyawaza mauti.

Huku kwetu pwani mgonjwa ni nadra kusema "nina huzuni." Husema kichwa kizito, moyo wapiga mbio, kifua chabana, mwili mzima ni mavune, "mawazo yamenizidi." Mama huyo atapimwa malaria mara tatu, atapewa dawa za maumivu, na atarudi nyumbani vile vile alivyokwenda. Wengine hujulikana kwa sala: aliyekuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri sasa hawezi kuinuka, na watu wa nyumbani wakadhani amekuwa mvivu wa ibada. Yawezekana ni mgonjwa.

Tofauti hii wanazuoni wetu waliijua zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na ndani yake akaigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomshika mtu asijue imetoka wapi. Hii ya pili aliihusisha na hali ya mwili, akaona kwamba inahitaji dawa ya mwili pamoja na maneno mema ya kuituliza nafsi. Na hospitali za Waislamu, kama ile ya Nur al-Din iliyojengwa Damascus mwaka 1154 na ile ya Qalawun ya Cairo ya mwaka 1284, ziliwapokea wagonjwa wa akili kama zilivyowapokea wenye homa na majeraha. Kwa hivyo anayempeleka mwanawe kwa daktari wa maradhi haya leo anafuata njia ambayo wazee wetu katika dini waliipita.

Maradhi haya yana sura nyingi

Sonona ndiyo inayojulikana zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawasibu mamia ya mamilioni ya watu ulimwenguni, na wanawake kuliko wanaume. Aina inayotuhusu sana wasomaji wa jarida hili ni ile ya ujauzito na uzazi, ambayo kwa mujibu wa shirika hilo humpata zaidi ya mwanamke 1 katika kila 10. Mzazi kulia-lia siku chache baada ya kujifungua ni jambo la kawaida, na kwa wengi huisha ndani ya majuma 2. Likipita hapo, au mama akawa hamtaki mtoto, au akaogopa kuachwa naye, hiyo ni alama ya kumfikisha kwa daktari. Na akianza kusikia sauti wasizozisikia wengine, au kusema maneno ya ajabu juu ya mtoto, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Asiachwe peke yake, wala mtoto asiachwe naye peke yake.

Aina nyingine huitwa bipola, maana yake ni ya pande mbili. Mgonjwa huwa na majira ya huzuni nzito, kisha huja majira ya furaha na nguvu zilizopita mpaka. Hulala saa 2 au 3 tu kwa usiku wala hachoki. Husema bila kituo, hukasirika upesi, huumaliza mtaji wa duka kwa siku moja, na pengine hudai kuwa amepewa daraja ambayo hakupewa mwingine. Watu humwona amefunguliwa riziki, au amekuwa walii, au amepandwa na jini. Ikija zamu ya huzuni, husema amerogwa.

Hapa pana jambo zito kwa ndoa zetu. Mume aliye katika hali hiyo huweza kutamka talaka, kuuza nyumba au kuchukua mikopo. Sharia haimhesabii aliyeondokewa na akili kama inavyomhesabia mwenye akili timamu. Basi dada yangu, likikufika jambo hilo usikate hukumu mwenyewe, wala usikubali kukatiwa na majirani. Mpeleke mumeo akatibiwe, kisha ukamwone Kadhi ukiwa na maelezo ya daktari mkononi.

Wengi huuliza maradhi haya yatoka wapi. Hayana chanzo kimoja. Mara nyingi huwamo katika ukoo, kama kisukari kilivyo katika koo nyingine. Huingia mlangoni mwa dhiki: kufiwa, kuachwa, kupigwa nyumbani, kuteswa utotoni, madeni. Mabadiliko ya mwili baada ya uzazi yana sehemu yake. Maradhi ya tezi ya shingo na upungufu wa damu huweza kuleta dalili zinazofanana nayo, na ndiyo sababu daktari huagiza damu ipimwe. Kwa vijana wetu, miraa na mugokaa za usiku kucha huwanyima usingizi, na kukosa usingizi huweza kumwamsha aliyelala ndani ya mtu mwenye bipola.

Namna yanavyotibiwa

Matibabu yana milango mitatu mikubwa, na mara nyingi mgonjwa hupitishwa zaidi ya mmoja.

Mlango wa kwanza ni tiba ya mazungumzo. Mtaalamu aliyefunzwa hukaa na mgonjwa mara kadhaa, humsaidia kuyatambua mawazo yanayomzamisha, kuigawa dhiki yake vipande vidogo na kuanza na kile kinachowezekana. Huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafunza akina nyanya kukaa na wenye dhiki kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu, na utafiti umeonyesha kuwa jambo hilo huwafaa wagonjwa. Sisi watu wa pwani tulizaliwa na mabaraza. Tulichokipunguza ni kusikiliza pasi na kuhukumu wala kulitoa neno nje.

Mlango wa pili ni dawa. Kwa sonona ya wastani au kali, daktari huweza kuandika dawa kama fluoksetini au amitriptilini. Yapo mambo matatu ambayo familia haina budi kuyajua. La kwanza, dawa hizi hazifanyi kazi siku ile ile kama ya kichwa. Huchukua majuma 2 hadi 4 au zaidi kabla nafuu kuonekana, ilhali madhara madogo kama kichefuchefu na mdomo kukauka huja mwanzoni. Wengi huacha hapo, wakasema dawa imewadhuru wala haikuwafaa. La pili, mgonjwa akipata nafuu asiache. Kwa kawaida huendelea kwa miezi 6 au zaidi tangu apone, kisha hupunguziwa pole pole kwa usimamizi wa daktari. La tatu, mama anayenyonyesha asidhani ni lazima achague baina ya dawa na mtoto. Zipo dawa ambazo daktari huweza kumchagulia akaendelea kunyonyesha.

Mwenye bipola hupewa dawa za kuituliza hali yake isipande wala kushuka mno. Kongwe katika hizo ni lithiamu, ambayo ni chumvi. Faida yake iliandikwa na daktari John Cade wa Australia mwaka 1949. Dawa nyingine, valproeti, huweza kumdhuru sana mtoto tumboni. Binti au mwanamke aliye katika umri wa kuzaa akiandikiwa, na amuulize daktari waziwazi kama ipo nyingine. Na yeyote anayetibiwa huzuni amwambie daktari iwapo aliwahi kupitia yale majira ya nguvu zilizopita mpaka, kwani dawa za sonona zikitumiwa peke yake huweza kumrusha upande wa pili.

Mlango wa tatu ni wa hospitali kwa aliyezidiwa: kulazwa, na kwa wachache tiba ya umeme, ambayo siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Huko hupelekwa yule ambaye uhai wake uko hatarini, au asiyekula wala kunywa, au ambaye dawa hazikumfaa.

Ramadhani na dawa

Kila mwaka, mwezi mtukufu ukikaribia, huja watu kuniuliza juu ya vidonge. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga kwa maandiko ya Qur'ani, na maradhi ya hisia ni maradhi. Vidonge vingi vya mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa wakati wa daku au futari, lakini aamue daktari, tena kabla ya Shaabani kwisha.

Juu ya lithiamu nitasisitiza. Dawa hii hupimwa katika damu, na mpaka baina ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni mwembamba. Mwili ukipungukiwa na maji, kwa kufunga katika joto letu la pwani, kwa kuhara au kutapika, kiasi chake katika damu hupanda. Baadhi ya dawa za maumivu zinazouzwa madukani, kama ibuprofeni, nazo hukipandisha. Anayeitumia akianza kutetemeka sana mikono, kutapika, kuhara au kuyumba kama mlevi, apelekwe hospitali pasi na kungoja magharibi. Kufungua kwa dharura hiyo si dhambi, na siku hulipwa au hutolewa fidia kwa mujibu wa hali yake.

Na kisomo je?

Ruqya ni sunna, na mimi ningali nasoma. Kuomba kinga dhidi ya hamu na huzuni kumo katika dua alizotufunza Mtume (S.A.W.), naye ndiye aliyetuamrisha kutafuta dawa, na aliyemwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza uji wa talbina, wa unga wa shayiri, kwa wafiwa na wagonjwa, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kuwa huupumzisha moyo wa mgonjwa na kumwondolea baadhi ya huzuni. Dua, chakula na dawa havikugombana katika nyumba ile.

Lakini kisomo kina mipaka, na nawaomba akina mama waishike. Msomaji akikwambia uache dawa za hospitali, ondoka. Akimpiga mgonjwa au kumfunga kamba kwa madai ya kumpiga jini, ondoka naye upesi. Akitaka kubaki faraghani na binti yako, ondoka. Akikutajia jirani au wifi kuwa ndiye mchawi, amekuongezea maradhi mengine nyumbani. Na sheikh anayemcha Mola wake, akiona hali imezidi, ndiye wa kwanza kukwambia nenda kwa daktari. Mimi sikusema, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha.

La kufanya nyumbani

Ukimwona wako amebadilika kwa majuma mawili, muulize kwa upole, mkiwa wawili. Ukihofia kuwa anayawaza mauti, muulize waziwazi: "Je, umewahi kufikiri kujidhuru?" Swali hilo halimpandikizii wazo asilokuwa nalo, wengi hushukuru kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Akijibu ndiyo, usimtishe kwa moto wa Jahannamu. Yeye tayari yumo motoni, anatafuta mlango. Kaa naye, mwondolee karibu yake vitu vya hatari, na mfikishe kituo cha afya siku ile ile. Msiogope polisi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba.

Anzeni na zahanati iliyo karibu, ambako mtaelekezwa. Kwa walio Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina huduma za maradhi ya akili kwa miaka mingi. Mgonjwa asiende peke yake. Mtu mmoja wa nyumbani aandike majina ya dawa, ahesabu vidonge, na akumbuke tarehe ya kurudi. Wengine wamsaidie kufua, kupika na kulea, kama tunavyomfanyia aliyepasuliwa. Na habari yake isipelekwe harusini.

Binti yule alilazwa siku kadhaa, akapewa dawa, akazungumza na mshauri kwa miezi. Alipona, alhamdulillahi, na alipopata mtoto wa pili daktari alimfuatilia tangu ujauzito, na safari hii yalipita salama. Siku moja alimwambia mke wangu neno ambalo nimelihifadhi kuliko nyingi nilizozisoma: "Sheikh alinisomea vizuri, na kisomo kilinituliza. Neno lililonichoma ni lile la kushukuru. Nilikuwa nikishukuru kila siku, mama. Ila sikuwa nikihisi kitu."

Mtoto wa kwanza sasa ni mwanafunzi wangu chuoni, na yumo katika juzuu Amma. Kila jioni mama yake huja kumchukua, hunisalimu mlangoni, na mtoto humkimbilia. Nami huwatazama hadi wakate kona.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe sisi tulio wazima elimu ya kuwafaa. Amin.